Hesabu Meno Kabla ya Kufungua Injini

Wiki hii safu inaanza na ujumbe wa sauti, dakika mbili na nusu, Kiswahili kimechanganyika na Kiarabu na nyuma yake kuna mtu anagonga chuma. Msikilizaji wetu yuko Maskati. Ami yake alifariki mwaka jana, Mola amrehemu, akaacha Yamaha Banshee ya mwaka 2004. Watoto wa ami wanataka iuzwe. Yeye anataka ibaki katika ukoo, kwa sababu juu ya baiki hiyo ndiyo alijifunza kuendesha.

Tatizo ni hili: wakienda Bidiya, baiki inapanda kilima cha mchanga mpaka nusu, halafu inakata pumzi. Fundi kamwambia injini ifunguliwe, silinda zichongwe, zitiwe pistoni kubwa. Bei aliyotajiwa inakaribia bei ya baiki yenyewe. Anauliza: "Nifungue, niuze, au kuna njia nyengine?"

Jibu langu fupi: ndugu yangu, hesabu meno kwanza. Jibu refu ndilo hili, na linawahusu wote wenye baiki kuukuu ya mbio, iwe Banshee, Raptor, Honda 400EX au LTZ400 ya Suzuki.

Meno gani?

Cheni ya baiki inazungushwa na vigurudumu viwili vya chuma vyenye meno. Kidogo kiko mbele, kwenye mhimili unaotoka ndani ya gia. Kikubwa kiko nyuma, juu ya ekseli. Kila kimoja kinaitwa sproketi. Ukenda Unguja likizo, mwambie fundi wa pikipiki "sproketi ya mbele imelika meno", atakuelewa hapohapo bila ya kuonyesha kwa vidole. Nasema hivi kwa sababu huku kwetu karaji nyingi tunaongea na mafundi Kiarabu cha kuvunjika, Kiingereza kidogo na Kihindi cha sinema, ndipo baiki tunaijua lakini maneno ya kuizungumzia na bibi hatunayo.

Banshee ilitoka kiwandani na meno 14 mbele na 41 nyuma. Gawa 41 kwa 14, unapata 2.93. Maana yake sproketi ya mbele inazunguka karibu mara tatu ili tairi la nyuma lizunguke mara moja. Sasa toa ile ya 14, weka ya 13. Gawa 41 kwa 13: 3.15. Injini inazunguka zaidi kidogo kwa kila mzunguko wa tairi, na nguvu ya kusukuma inayofika kwenye tairi inaongezeka kama asilimia 8.

Lakini hakuna cha bure. Mwendo unapungua kama asilimia 7. Pale ulipokuwa ukipata kilomita 100 kwa saa, kwa mizunguko ileile ya injini utapata kama 93. Fikiria mtu anayepanda ngazi na gunia la mchele: ngazi ndefu chache zinamfikisha haraka akiwa na nguvu, ngazi fupi nyingi zinamfikisha hata akiwa amechoka. Sproketi ya 13 ni ngazi fupi. Hapa nitaiita gia nyepesi, na kinyume chake gia nzito.

Kariri jambo moja: jino moja ukipunguza mbele ni sawa na kuongeza meno matatu hivi nyuma. Ukibaki na 14 mbele ukaweka 44 nyuma, unapata 3.14, karibu sawasawa na ile ya 13. Ndiyo maana watu huanzia mbele. Ni kipande kidogo, bei yake ndogo, na hutoi tairi wala habu.

Kwenye baiki nyengine hesabu ni hiyohiyo. Honda 400EX ina 15 mbele na 38 nyuma, yaani 2.53. Ukiweka 14 mbele inakuwa 2.71.

Kwa nini mchanga unakata pumzi

Injini ya Banshee ina silinda mbili, cc 347, ya mipigo miwili. Ukiiendesha pole pole ni mpole kama baiskeli. Mizunguko ikipanda ndipo inaamka, tena kwa ghafla. Chini ya hapo haina kitu cha kukupa.

Sasa uko kwenye kilima. Gia ya tatu imejaa, unatia ya nne. Mizunguko inashuka, injini inaanguka chini ya ile sehemu yenye nguvu, na mchanga laini unakushika miguu. Unarudisha ya tatu, lakini mwendo umeshakwisha. Mtu aliyesimama chini anasema "injini imechoka". Huenda haijachoka. Huenda umeipa hatua ndefu kuliko inavyoweza kupanda. Ukiwa na gia nyepesi, kwa mwendo uleule injini inazunguka juu zaidi, na ukitia ya nne unaikuta bado iko macho.

Kuna mwizi mwengine wa nguvu ambaye watu hawamhesabu: tairi. Tairi la nyuma la Banshee kutoka kiwandani lina urefu wa inchi 20. Wapenda mchanga huweka tairi za makasia, zile zenye mapezi yanayochota mchanga kama kasia linavyochota maji. Hizo ni nzuri, lakini wengi hununua za inchi 22. Tairi la inchi 22 kwa kila mzunguko linakwenda mbali zaidi kwa asilimia 10, kwa hiyo gia imekuwa nzito kwa asilimia 10. Hata ukiweka sproketi ya 13 hapo, bado umebaki na gia nzito kidogo kuliko ya kiwandani.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujatoa hata baisa moja, fanya mambo mawili. Soma namba ubavuni mwa tairi za nyuma. Halafu hesabu meno ya sproketi zote mbili. Tia alama ya chaki kwenye jino la kwanza usije ukahesabu mara mbili. Marehemu ami yako huenda aliweka 15 mbele kwa ajili ya kwenda kasi kwenye uwanda mgumu. Ikiwa una 15 mbele na tairi za inchi 22, fundi anataka kukuuzia injini kubwa ili upate nguvu ambayo meno na tairi zimeishikilia.

Kabla ya kununua, tazama kilichopo

Sproketi mpya juu ya cheni mbovu ni kutupa pesa. Meno mazima yana ncha zilizonyooka pande zote mbili. Meno yaliyolika yanainama upande mmoja kama pezi la papa. Shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ivute kwa nguvu kuelekea nyuma. Ikiachana na sproketi mpaka ukaona nusu ya jino, imekwisha.

Ukitaka uhakika, chukua futi kamba. Banshee inatumia cheni ya namba 520, na kutoka pini hadi pini ni milimita 15.875. Vuta cheni ikaze, pima nafasi 20, yaani kutoka pini ya kwanza mpaka ya 21. Cheni mpya itakupa milimita 317.5. Ikifika 324, imevutika kwa asilimia 2, iondoe. Na ukibadilisha cheni, badilisha sproketi zote mbili pamoja nayo. Cheni kuukuu inakula meno mapya, na meno makuukuu yanaharibu cheni mpya.

Hili si suala la pesa tu. Cheni ikikatika ukiwa kwenye kasi, inaweza kujikusanya kwenye sproketi ya mbele na kupasua ukuta wa injini. Au ikabana ekseli, na baiki hizi magurudumu mawili ya nyuma yako juu ya ekseli moja, kwa hiyo yanafunga yote kwa pamoja.

Kubadilisha sproketi ya mbele

Injini imepoa, imezimwa, na ufunguo umo mfukoni mwako, si kwenye baiki. Toa kifuniko cha sproketi upande wa kushoto, safisha mchanga wote uliomo.

Sasa, wengi hukimbilia kulegeza cheni. Iache kwanza. Sproketi ya Banshee inashikwa na nati kubwa, na chini ya nati kuna washa iliyokunjwa ukingo ili nati isifunguke. Inyooshe washa kwa patasi na nyundo ndogo. Tia gia, mwambie mwenzako akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, halafu ulegeze nati. Cheni ndiyo inayoizuia sproketi isizunguke. Ukiitoa mapema, huna cha kuishikilia. Kwenye Honda 400EX kazi ni nyepesi zaidi, kuna kibati kilichoshikwa na boliti mbili ndogo.

Nati ikishalegea, legeza boliti za nyumba ya beringi inayobeba ekseli, sogeza ekseli mbele, cheni italegea, na sproketi itatoka pamoja na cheni yake. Kabla hujaivua kabisa, tazama upande gani umeelekea nje. Mpya iingie vilevile, na washa mpya. Washa iliyokwishakunjwa mara moja usiitumie tena. Ni kipande cha bei ndogo kinacholinda kitu ghali. Rudisha cheni, kanyaga breki tena, kaza nati kwa kipimo cha kitabu, kunja ukingo wa washa.

Sasa cheni. Kwa kupunguza jino moja mbele, ekseli itarudi nyuma kama milimita 4 tu, kwa hiyo huhitaji kukata cheni. Ukichagua njia ya kuongeza meno matatu nyuma, ekseli itataka kwenda mbele kama milimita 12. Ikiwa nafasi hiyo haipo, utanunua cheni ndefu zaidi. Isitoshe utatoa tairi na habu ya upande huo ili sproketi ipite kwenye ekseli.

Ulegevu wa cheni umeandikwa kwenye kitabu cha kila baiki. Nyingi za aina hii ni sentimita 3 hadi 4 za kupanda na kushuka katikati. Lakini kuna kipimo nnachokiamini zaidi. Cheni hukaza kabisa pale sproketi ya mbele, kiungo cha mkono wa nyuma na ekseli zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Waambie watu wawili wakae juu ya baiki ikiwa imesimama mpaka mistari hiyo ikutane, halafu ushike cheni. Hapo lazima bado icheze kidogo. Ikiwa imekaza kama uzi wa udi, ukiruka kilima itavuta beringi mpaka zife.

La mwisho ni klipu ya kiungo cha cheni, kile kijichuma kama samaki mdogo. Upande uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda, na mdomo ulio wazi utazame nyuma. Ukiugeuza, jiwe au tawi likigusa mdomo linaichomoa. Zungusha magurudumu kwa mkono, endesha pole pole dakika kumi, kisha kagua kila nati tena.

Na 12 mbele je? Mimi siipendi. Cheni inapinda sana kwenye kigurudumu kidogo, inachoka upesi, na inasugua ile plastiki inayolinda mkono wa nyuma. Ukihitaji wepesi zaidi ya 13, ongeza meno nyuma.

Sproketi haiponyi maradhi

Ikiwa meno ni 14 na 41, tairi ni za inchi 20, na bado baiki haipandi, hapo kuna ugonjwa, na sproketi itauficha tu. Baiki ya miaka 20 na zaidi inataka kutazamwa kwa mpangilio huu.

Hewa kwanza. Kichujio cha sponji kinatakiwa kioshwe, kikauke, kitiwe mafuta yake maalumu, na ukingo wake upakwe grisi ili vumbi lisipite pembeni. Mchanga wa Sharqiya ni laini kama unga; ukiingia ndani unasaga pistoni na ringi. Tazama pia mipira inayounganisha kabureta na silinda. Mipira ya zamani hupasuka, injini inavuta hewa isiyopita kwenye kabureta, mchanganyiko unakuwa na petroli chache, joto linapanda, pistoni inayeyuka. Hapo ndipo injini inapofunguliwa kwa lazima.

Halafu mafuta. Banshee haina tangi la oili ya injini la peke yake. Oili ya mipigo miwili unaichanganya mwenyewe na petroli. Ukitumia mchanganyiko wa 32 kwa 1, kila lita 5 za petroli zinataka mililita 156 za oili. Andika maneno haya kwa wino mzito, bandika juu ya tangi: PETROLI TUPU HAPANA. Siku moja mtoto wa ndugu ataipeleka kwenye kituo cha mafuta kwa nia njema kabisa, ajaze petroli tupu, na injini ifunge kabla hajafika nyumbani.

Kisha ekseli. Shika tairi la nyuma kwa mikono miwili, litikise juu na chini. Likicheza, beringi zimekwisha au nati kubwa za ekseli zimelegea. Ekseli ikicheza, sproketi haisimami sawa, na cheni itakula meno upande mmoja hata iwe mpya vipi.

Na cheni isafishwe kila mkirudi, kwa mafuta ya taa na brashi laini, injini imezimwa. Nimeona watu wakisafisha cheni huku injini inazunguka ili kazi iende haraka. Kidole kikiingia kati ya cheni na sproketi hakitoki kizima. Baada ya hapo paka mafuta ya cheni kidogo, futa yanayobaki juu. Ukiacha cheni imelowa, mchanga unashika na unageuka msasa.

Kabla hujampa mdogo wako

Mwisho wa ujumbe wake msikilizaji alisema kwamba baiki ikishapanda vizuri atamwachia mdogo wake wa miaka 14. Hapo nilisimamisha sauti nikairudia.

Gia nyepesi inaifanya Banshee inyanyue pua upesi zaidi. Juu ya kilima, uzito wote uko nyuma, tairi za makasia zimeshika, nguvu inakuja kwa ghafla, na magurudumu ya mbele yanaondoka chini. Baiki ikipinduka kinyumenyume, inamwangukia aliyeiendesha. Wewe umeizoea, unajua kusogeza mwili mbele na kulegeza eksileta. Yeye hajui bado. Watengenezaji wa baiki za ukubwa huu wanawakataza walio chini ya miaka 16, na wanakataza kupakia mtu nyuma, kwa sababu zimetengenezwa kwa mtu mmoja anayehamisha uzito wake. Mtafutie mdogo wako baiki ndogo ya umri wake. Asubuhi mchanga ukiwa bado na umande na umeshikamana, mfundishe kwenye uwanda, na helmeti kichwani. Ya ami itamsubiri. Imesubiri miaka 20, miwili zaidi si kitu.

Kwa hiyo ndugu yangu, jibu la maswali yako matatu. Kuuza: bado. Kufungua injini: bado. Hesabu meno, soma namba ya tairi, pima cheni, safisha kichujio, tazama mipira ya kabureta. Ikiwa kila kitu kizima, weka 13 mbele kwenye tairi za inchi 20 ukajaribu kilima kilekile. Ukitaka kubaki na zile za inchi 22, utahitaji na meno zaidi nyuma. Hata ukinunua na cheni mpya juu yake, hujafika popote karibu na bei ya fundi yule. Na ikiwa baada ya yote hayo haipandi, mwambie fundi apime mgandamizo wa silinda zote mbili kwanza, akuonyeshe namba. Fundi mzuri hatokasirika ukimwomba namba.

Watoto wa ami wako waalike siku hiyo ya kujaribu. Wao wanaiona baiki imekaa karaji inakula nafasi. Wakiiona inavuka kilele, huenda mazungumzo ya kuuza yakabadilika.

Wengine mlio na baiki kuukuu, tutumieni ujumbe wa sauti: meno mangapi mbele, mangapi nyuma, tairi inchi ngapi. Kwa Kiswahili tafadhali, hata kikiwa cha kuchechemea. Tutakifanyia kazi pamoja.